Juma Nililofundisha Bila Sauti

Sauti yangu ilinitoroka katikati ya somo la kugawa. Nilifungua kinywa kutaja namba, kikatoka upepo mtupu. Watoto wakacheka, wakidhani ninawachezea. Nikakohoa, nikanywa maji, nikaendelea kwa sauti iliyokwaruza kama bati linaloburutwa sakafuni. Ulikuwa ule mwezi mbaya wa Lubumbashi, kabla ya mvua ya kwanza, wakati vumbi jekundu linaingia hata kwenye sufuria yenye kifuniko. Nikajiambia ni vumbi tu, litapita.

Halikupita. Siku iliyofuata sikuweza kuita hata majina ya wanafunzi. Jumamosi asubuhi nikaenda mjini, kwenye zile barabara za benki na maduka makubwa, kumwona daktari wa koo. Alikuwa kijana, mpole. Aliingiza kioo kidogo kinywani mwangu, akatazama muda mrefu, kisha akavua glovu zake.

"Madame, kamba za sauti zinavimba sana," akasema. "Mutanyamaza juma moja. Kusema hapana. Ata kunong'oneza hapana, juu kunong'oneza njo kunachokesha koo zaidi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ku masomo mutaona namuna ya kufanya. Na ku nyumba? Munaishi na nani?"

Nikanyoosha kidole kimoja.

"Na muntu moja?"

Nikatikisa kichwa, nikakigeuza kile kidole na kukigusisha kifuani pangu.

"Aa," akasema. "Basi ku nyumba haitakuwa nguvu."

Alisema kwa wema kabisa. Alitaka kunipa moyo, kwamba nyumbani haitakuwa kazi ngumu. Nilishuka ngazi zake nikiwa na karatasi yake mkononi, na maneno hayo yakashuka nami.

Ninaishi mtaa wa Hewa Bora, kwenye vyumba viwili vya nyuma katika ua wa mwenye nyumba. Mpaka masika yaliyopita niliishi humo na mama. Babu yangu alitoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, baba akairithi kazi hiyo, na mama akabaki nyumbani kutulea, kaka yangu na mimi. Baba akafa, kaka akaenda kutafuta maisha Kolwezi, mimi nikabaki na mama. Miaka yake ya mwisho masikio yalikuwa yamezibika, basi nilizoea kupaza sauti kutwa nzima: asubuhi kwa watoto wa darasa la tatu, jioni kwa mama. Alipofariki, ile sauti ya nyumbani ilikosa pa kwenda. Nadhani niliihamishia shuleni. Mwalimu mwenzangu wa darasa la pili aliwahi kuniambia kwamba akisahau tarehe ya leo anatega sikio tu ukutani, mimi nitaitangaza.

Jumapili hiyo nilipika, nikafua, nikapiga pasi sare yangu. Mwenye nyumba alipita karibu na kamba ya nguo akasema, "Jambo Madame." Nikampungia mkono. Akapita. Ilipofika jioni nikagundua kwamba nilikuwa nimenyamaza siku nzima kama daktari alivyoagiza, na hakuna hata mtu mmoja aliyetambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Hata mimi mwenyewe sikuona tofauti kubwa na Jumapili nyingine. Nilikaa juu ya kitanda na ugunduzi huo, sikujua niuweke wapi.

Jumatatu nilimpa mkuu wa shule karatasi ya daktari kabla ya bendera kupandishwa. Sisi tunamwita Direkta. Ni mtu mnene, anatembea na leso ya kufutia jasho, na kila mwaka juma lile linamnyima usingizi. Ni juma la shughuli: asubuhi masomo kama kawaida, baada ya mapumziko watoto wanapanda miti, wanacheza michezo, wanaimba na kusimulia hadithi. Jumamosi wazazi wanakuja kutazama.

"Aïe, Madame! Juma hii? Sauti inaona juma hii njo ya kupotea?" akasema, akifuta shingo. Akasoma karatasi tena kama vile maneno yangeweza kubadilika. "Bon. Kuyeni tu ku kilasi. Musimame mbele, batoto babaone. Mukikosa, ile kilasi itakuwa soko."

Basi nikasimama mbele. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: SAUTI YANGU INAUMWA. WIKI HII SITASEMA. NINYI MTASEMA. Nikaligonga gonga neno la kwanza kwa rula. Wakasoma pamoja, neno kwa neno.

Benchi ya mbele kulikuwa na msichana mmoja ambaye kwa siku za kawaida nilimwambia anyamaze kuliko wengine wote. Baba yake, mtu wa Kasai, anauza simu mjini, na binti alikuwa amejifunza kwake kusema bila kuogopa uso wa mtu. Aliinua mkono. Nikamwonyesha kwamba aseme. Akainama mbele, akasema kwa kunong'ona, kama tuko karibu na mtoto mchanga aliyelala:

"Madame, inawauma?"

Nikatikisa kichwa.

"Haibaumi," akawageukia wenzake na kuwatafsiria, naye bado ananong'ona. Nao wakanong'onezana mpaka benchi ya nyuma: haibaumi, haibaumi. Tangu dakika hiyo darasa zima likanong'ona. Sikuwaagiza. Walisoma aya ya kitabu kwa kunong'ona, wakataja majibu ya hesabu kwa kunong'ona, wakagombania kalamu kwa kunong'ona. Kabla ya mapumziko mwenzangu wa darasa la pili alikuja kuchungulia mlangoni, akidhani nimewapeleka watoto nje na kusahau kumwambia.

Jumanne tulipanda miti kando ya ukuta wa shule. Kila darasa lilikuwa na mashimo yake, na watoto walileta maji kutoka nyumbani katika vidumu vya mafuta. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeisimamia kazi hiyo yote kwa kelele: weka hapa, usimwage, shika jembe vizuri. Safari hii nilichuchumaa tu kwenye shimo, nikaonyesha jinsi ya kushika mche kwa shina lake na kuukanyagia udongo. Nikaendelea na shimo lingine. Watoto walisahau kwamba niko. Mtu asiyesema anasahaulika haraka, wanadhani pia hasikii.

"Madame haiko na batoto," alisema mmoja nyuma yangu.

"Juu ya nini?"

"Minajua? Kwake kuko yeye moja tu. Mama yangu alisema."

"Labda batoto yake balienda ku Mputo."

"Ee. Biko ku Mputo."

Mputo ni Ulaya. Kwao hilo lilimaliza jambo. Mtu asiye na mtu nyumbani, watu wake wako Ulaya. Mikono yangu ilikuwa ndani ya udongo mpaka vifundoni. Ningekuwa na sauti ningegeuka na kuwaambia wafanye kazi, waache maneno. Nilibaki nimewageuzia mgongo, nikaukanyagia udongo ule mche, na watoto wangu wakabaki Ulaya.

Jumatano ndiyo siku niliyoiogopa zaidi, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikifundisha kwaya ya shule. Safari hii, kwa ajili ya koo langu, Direkta aliikabidhi kwa mwalimu wa darasa la nne, kijana aliyefika kwetu mwanzoni mwa muhula. Nilikwenda kusikiliza. Nilipewa kiti cha plastiki kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi. Nilikuwa nimejiandaa kuumia kwa ajili ya watoto: wangeanza juu mno, wangekosa pa kupumulia. Hawakukosa. Kijana alipiga makofi kwa mwendo wa haraka kuliko wangu, akawaongezea hatua za miguu, na watoto waliopiga miayo kwangu wakaruka ruka na macho yao yakang'aa. Wimbo ulikuwa ni uleule niliowafundisha. Ulikuwa mzuri zaidi.

Walipomaliza, kijana alikuja mbio, akainama kwa heshima.

"Madame, munaonaka namuna gani? Nilibadilisha kidogo."

Nikainua kidole gumba. Akashukuru, akarudi mbio kwa watoto. Nilikaa pale mpaka jua lilipozunguka na kunifikia magotini. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Walikuwa na kazi.

Alhamisi ilikuwa siku ya hadithi. Kila mtoto alitakiwa kuleta hadithi aliyosimuliwa nyumbani na mtu mzima. Zilikuja za sungura na fisi, za mchawi aliyenunua ndege, na moja ya mjomba aliyekwama mpakani na lori la mahindi, ambayo ilikuwa ndefu na nadhani ilikuwa kweli tupu. Zote kwa kunong'ona, vichwa vimekusanyika pamoja. Nilifurahi. Kisha yule msichana wa mbele akasema:

"Na Madame? Madame naye asimulie."

"Hana sauti," mwenzake akamkumbusha.

"Asimulie na mikono."

Wakanigeukia wote. Sikuwa na hadithi tayari. Nilivuta kigoda tunachopandia kufuta ubao, nikakaa chini kabisa, nikanyoosha miguu. Kabla sijajua ninafanya nini, mikono yangu ilikuwa inapepea moto wa mbabula, lile jiko letu la makaa. Nikageuza uso kukwepa moshi. Nikakoroga sufuria, nikatia mchuzi kidogo kwenye kiganja, nikaramba, nikatikisa kichwa, nikaongeza chumvi.

"Mama muuza-mandazi!" mmoja akanong'ona.

"Hapana, iko anapika sombe!" Sombe ni kisamvu.

Nikaweka mkono nyuma ya sikio na kukunja uso, kama mtu anayesema, nini? Sema tena. Wakacheka.

"Ni nkambo!" wakasema wengi pamoja. Nkambo ni bibi mzee. "Hasikie muzuri! Ni nkambo ya nani?"

Nikajigusa kifuani.

"Nkambo ya Madame?"

Nikatikisa kichwa. Nikasimama, nikaandika ubaoni neno moja: MAMA.

"Aaa. Mama ya Madame." Wakaridhika. Halafu mtoto mmoja wa pembeni ya dirisha akauliza, "Iko wapi?"

Niliinua mkono juu kidogo, ukarudi chini wenyewe.

"Alikufa?" akauliza msichana wa mbele.

Nikaitikia.

Watu wazima wangeishia hapo. Hata walimu wenzangu walikuja msibani, wakala, wakakaa nami, na baada ya hapo hakuna aliyelitaja jambo hilo tena, kwa kunihurumia. Watoto hawakuishia hapo. Waliuliza kama alikuwa mgonjwa, nikagusa moyo. Waliuliza kama alilala hospitali, nikatikisa kichwa. Waliuliza kama nililia. Nikaitikia.

"Sana?"

Nikaitikia tena.

"Sasa nani anapikiaka Madame?"

Nikajionyesha.

"Na nani anakulaka naye?"

Nilitazama dirishani, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta na nusu ya mche wetu mmoja. "Pole, Madame," mtoto mmoja akanong'ona, na kabla wengine hawajafuata, kengele ililia. Wakatoka kama maji kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kule nje wakarudia sauti zao za kawaida, kelele tele, na mimi nikabaki kwenye kigoda, magoti yakiwa karibu na kidevu. Nililia kidogo. Kulia bila sauti ni jambo la ajabu, mwili unatikisika kama gari lisilowaka.

Ijumaa nzima tulifanya mazoezi ya shairi la mvua nililokuwa nimewatungia. Walilijua lote. Walilikariri wamesimama mstari, mikono mgongoni, na nilipigia mapigo yake kwa rula juu ya meza. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Sikuona kosa lolote.

Jumamosi waliweka turubai uwanjani na viti vya plastiki. Wazazi walikuja wamevaa vizuri, akina mama na vitenge vyao vipya, akina baba na simu zao zimeinuliwa tayari. Kwaya iliimba, watu wakashangilia. Darasa la nne likacheza mchezo wa kuigiza. Kisha Direkta akaita la tatu, na watoto wangu wakapanda jukwaani, mashati meupe, sketi na suruali za bluu. Wakavuta pumzi wote pamoja na kuanza shairi.

Kwa kunong'ona.

Ndipo nikaelewa. Juma zima walikuwa wamejifunza hivyo, na shairi hilo hawakulijua kwa njia nyingine. Midomo ilikwenda sawasawa, uso wa kila mmoja ulikuwa na bidii, na kutoka viti vya nyuma mtu akaita, "Hatusikie kintu!" Mwingine akasema, "Batoto, mupaze sauti!" Wakacheka. Nilifungua kinywa kuwaambia watoto wapaze, nikakumbuka, nikakifunga. Nikaenda mbele yao na kuinua mikono juu, juu, nikimaanisha sauti. Watoto waliona Madame ameinua mikono. Wakainua yao pia, wote pamoja, wakaendelea kunong'ona mikono ikiwa hewani kama watu waliokamatwa na askari. Hapo uwanja mzima ulivunjika kwa kicheko.

Lakini wale wa viti vya mbele walikuwa wanataka kusikia. Wakawageukia wa nyuma, "Shii!" Kicheko kikapungua, kikaisha. Kwa muda, sijui ni muda gani, watu wazima wote wale waliinamisha vichwa mbele kusikiliza watoto wakinong'ona habari za wingu linalokuja. Sijawahi kusikia uwanja wetu ukiwa kimya namna ile.

Halafu kanisa la jirani likawasha kipaza sauti chake. "Alô, alô, moja, mbili," na shairi likamezwa. Msichana wa mbele alisubiri. "Alô, alô." Akakasirika. Akapiga hatua mbele, akakunja ngumi na kuupigia kelele ukuta wa kanisa ubeti wa mwisho peke yake, kwa ile sauti yake niliyokuwa nikiizima kila siku. Watu wakasimama kumpigia makofi. Direkta alifuta jasho la paji, la shingo na la mikono.

Baadaye mama wa yule msichana alinitafuta kwenye umati.

"Madame, mutoto ku nyumba ananong'oneza tu," akasema akicheka. "Juma yote! Baba yake alizania iko mugonjwa, alitaka kumupeleka ku docteur."

Nilicheka bila sauti. Alisimama akisubiri niseme kitu, akitabasamu, na mimi nikasimama nikitabasamu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia juu ya binti yake. Mtu akamwita wapige picha. "Bon, aksanti Madame," akasema, akaenda.

Kaka yangu hupiga simu Jumapili mchana. Siku ile nilipokea. Juma lilikuwa limekwisha, daktari alikuwa ameniruhusu kujaribu.

"Allo?" nikasema. Ilitoka nzito na chini, kama ya mwanamume aliyeamka sasa hivi.

"Allo, ni nani iyi?"

"Ni miye."

"Miye nani? Minatafuta dada yangu."

"Ni miye, dada yako."

"Uko na mafua?" akauliza. Nikaanza kumweleza, polepole, habari za daktari na za juma lote. Nilipofika kwenye kigoda na mbabula nikasikia anamjibu mtu aliye pembeni yake jambo la gari. "Minakusikia, minakusikia," akasema aliporudi. "Na huko kwengine, biko muzuri?" Nikasema biko muzuri.

Jumatatu niliingia darasani, nikasema, "Jambo, batoto." Wakatazamana.

"Iyi haiko sauti yenu, Madame," alisema msichana wa mbele, na alinong'ona, lakini ilikuwa mara ya mwisho. Kabla ya mapumziko kelele zilikuwa zimerudi.

Sauti yangu ya zamani haikurudi yote. Daktari aliniambia kwamba nikiilazimisha nitaipoteza kabisa, kwa hiyo siku hizi nafundisha nikitembea kati ya mabenchi, karibu nao, na anayetaka kunisikia ananyamaza mwenyewe. Kwaya ilibaki kwa yule kijana. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuichukua tena, na sikuomba.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku chache baadaye, mchana, wakati wa kutoka. Watoto walikimbia karibu wote. Msichana wa mbele alibaki langoni chini ya bati, akimngoja dada yake mkubwa aliye darasa la sita. Nilisimama naye. Alinieleza kwamba dada yake huchelewa kila siku kwa sababu ya marafiki, na kwamba yeye hamkasirikii ila kidogo. Nikamwambia ninasikia. Tukatazama maji mekundu yakishuka barabarani. Dada akafika amejifunika mkoba kichwani, akamshika mkono, wakaondoka wakiruka madimbwi.

"Kesho, Madame!" akapiga kelele bila kugeuka.

Nilijibu, lakini walikuwa wameshafika mbali mno kwa sauti niliyobaki nayo. Nikangoja mvua ipungue, nikafunga lango, nikaenda nyumbani.